LODI DELAMERE NA RELI YA UMMA

Wahenga walisema mgala muue na haki yake umpe. Methali hiyo ndiyo itakayoniongoza katika makala haya, kwa kuwa bwana ninayetaka kukusimulia maisha yake alisifiwa kupita kiasi na vitabu vya wakoloni, kisha akalaaniwa na wengi waliokuja baadaye. Si mwingine ila Hugh Cholmondeley, Lodi Delamere wa tatu, yule ambaye jina lake tunalisikia kila tupitapo Naivasha na Elmenteita tukielekea Nairobi.

Kisa cha kumchagua huyu bwana ni mjadala tuliokuwa nao chamani mwaka huu. Hoja ilikuwa hivi: je, serikali itumie pesa za umma kujenga reli, barabara na mabwawa ili kuinua uchumi, au iwaachie wenye mali waijenge nchi kwa pesa zao? Wapinzani wa miradi ya serikali walimtaja Delamere kuwa shahidi wao mkuu. Walidai kwamba aliligeuza Bonde la Ufa kuwa ghala la nafaka kwa mfuko wake mwenyewe, bila kuingoja serikali. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mimi sikupiga makofi wala sikuzomea. Niliingia maktabani nikasoma habari zake toka mwanzo hadi mwisho. Haya ndiyo niliyoyapata.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Hugh alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 katika eneo la Cheshire, Uingereza, kwenye jumba la ukoo wao liitwalo Vale Royal. Jamaa zake walikuwa makabaila wenye mashamba mengi. Alisoma katika shule mashuhuri ya Eton, ingawa hakusifika kwa masomo. Baba yake aliaga dunia mwaka wa 1887, na hivyo kijana huyu wa miaka 17 akarithi cheo cha ulodi pamoja na mali yote. Hebu fikiria, mwenzangu! Umri ambao wewe unahangaika na hesabu za kidato cha tatu, mwenzako anakabidhiwa maelfu ya ekari.

Kilichompendeza Delamere kuliko vyote ni uwindaji. Mwaka wa 1891 alifunga safari kwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba, na baada ya hapo akawa mtu wa kurudi huko mara kwa mara. Lakini mchezo wa simba si wa paka. Mnamo 1894 simba mmoja alimrukia akamtafuna mguu, na lau si ujasiri wa Abdullah Ashur, Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, habari zake zingeishia pale pale. Alipona, ila alichechemea maisha yake yote.

Mwishoni mwa 1896 alianza safari ndefu kutoka Somalia kupitia kusini mwa Ethiopia. Alivuka majangwa ya kaskazini mwa nchi yetu, na mwaka wa 1897 akatokea kwenye nyanda za juu. Baada ya miezi ya mchanga na miiba, macho yake yaliona majani mabichi, mito ya maji baridi na milima yenye ukungu. Roho yake ikabaki huku. Alirudi kwao, mwaka wa 1899 akafunga pingu za maisha na Florence Cole, binti wa kabaila wa Ireland, na kufikia 1903 alikuwa ameamua kuhamia Kenya kabisa.

GARI MOSHI LAFIKA KABLA YAKE

Sasa ndugu msomaji, tumwache Delamere kidogo tutazame reli, maana hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

Delamere wa 1897 alitembea kwa miguu na ngamia. Delamere wa 1903 alipanda gari moshi. Kati ya safari hizo mbili, nani aliyejenga reli? Je, ni tajiri fulani? Ni kampuni? La hasha! Kampuni ilijaribu ikashindwa. Ilikuwepo kampuni iliyoitwa Imperial British East Africa, iliyoanzishwa na tajiri wa meli William Mackinnon, na ilikuwa na hati ya malkia ya kuitawala nchi hii na kufanya biashara. Ilifika hatua ya kupima njia ya reli, lakini mfuko ukatoboka. Mwaka wa 1895 ikaiachia serikali ya Uingereza nchi nzima.

Ndipo serikali ikaingia yenyewe. Mwaka wa 1896 Bunge la London liliidhinisha pauni milioni 3. Kazi ikaanza Mombasa mwaka huo huo. Wabunge wengine walipiga kelele kwamba huo ni wazimu, reli ya kutoka pasipojulikana kwenda pasipojulikana. Na kweli gharama ilipanda hadi kufika kiasi cha pauni milioni 5.5, karibu maradufu ya makisio. Naona hata siku hizo makisio ya serikali yalikuwa na tabia ile ile tunayoijua!

Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo. Reli hiyo ilikuwa na urefu wa maili 582, kwa hiyo ukigawanya utaona kwamba kila maili moja iliwala zaidi ya watu wanne. Hao ni mbali na Waafrika waliovunja mawe, wakakata magogo na kubeba mizigo.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Kuteremka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kulikuwa kibarua kigumu, hata mwanzoni mabehewa yakawa yanateremshwa kwa kamba za chuma. Mwaka wa 1900 reli ikafika hapa Nakuru. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda, na ilibaki hivyo hadi 1902 mipaka ilipobadilishwa. Kutoka hapa ikapanda Njoro, Molo na Mau Summit, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagonga ufuo wa ziwa Kisumu.

Basi reli ikawa tayari. Lakini wapi mizigo? Mabehewa yalikwenda karibu matupu. Kamishna wa nchi wakati huo, Charles Eliot, alikuwa na deni la kuonea haya na reli isiyo na abiria wa kutosha. Wazo lake likawa hili: waletwe wakulima Wazungu, wapewe ardhi kando ya reli, walime, mazao yao yajaze mabehewa na pesa za mlipa kodi wa Uingereza zirudi.

Hapo ndipo jina la Delamere linaposhikana na jina la reli, kama kupe na mkia wa ng'ombe.

EKARI LAKI MOJA

Mwaka wa 1903 Delamere aliomba ardhi. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa kuwa mahali alipotaka palikuwa mbali mno. La pili, karibu na Naivasha, likakataliwa kwa kuhofiwa ugomvi na Wamasai. La tatu likakubaliwa: ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Shamba hilo liliitwa Equator Ranch. Kodi yake ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na sharti lilikuwa atumie pauni 5,000 kuliendeleza katika miaka mitano ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe. Kila pauni moja ya kodi ilimpa ekari mia tano!

Na ardhi yenyewe ilikuwa ya nani? Wamasai walikuwa wakichunga katika bonde hili tangu zamani. Mnamo 1904 serikali iliwawekea mkataba uliowaondoa Naivasha, Nakuru na sehemu nyingine za karibu na reli, kundi moja likapelekwa Laikipia na jingine kusini. Waliahidiwa kwamba wakishahama hawatasumbuliwa tena. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1911, wale wa Laikipia nao wakaambiwa wahame. Walikwenda mahakamani, na mwaka wa 1913 kesi yao ikatupwa.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Reli ilijengwa kwa pesa za umma. Reli ndiyo iliyoifanya ardhi ya kando yake iwe na thamani. Na thamani hiyo, badala ya kurudi kwa umma au kuwafaidi wenyeji, ikatiwa mikononi mwa wachache kwa bei ya bure.

HASARA JUU YA HASARA

Hapa sasa ndipo nitakapompa mgala haki yake. Kama unafikiri Delamere alikuja kukaa kivulini na kunywa chai, umekosea. Huyu bwana alifanya kazi, na alipoteza pesa hadi watu wakamhurumia. Yeye na mkewe waliishi kwanza katika nyumba za udongo na nyasi, ilhali kwao Uingereza waliacha jumba la fahari.

Alianza na kondoo. Aliwazalisha kondoo wa Kimasai kwa madume ya Kiingereza, na mwaka wa 1904 akaagiza majike 500 ya merino kutoka New Zealand. Walivuka bahari, wakapanda gari moshi hadi Njoro, wakafika, wakafa. Katika kila watano, wanne walikufa. Baadaye iligunduliwa kwamba udongo wa sehemu ile ulipungukiwa na madini ambayo mifugo huhitaji. Kumbe Wamasai walijua! Wao hawakupenda kulaza mifugo yao pale. Lakini mlowezi na miwani yake, angemuuliza mchungaji?

Akahamia kwenye ng'ombe. Ng'ombe wa kigeni wakashikwa na magonjwa. Mwaka wa 1906 alipata shamba jingine kubwa la Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, akahamishia mifugo huko. Njoro akaigeuza kuwa ya ngano. Mwaka wa 1909 alipanda ekari 1,200, shamba likapendeza macho, kisha ukaja ugonjwa wa kutu ukaimaliza ngano yote. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye alijenga maabara shambani mwake, akaajiri wataalamu wachanganye mbegu hadi ipatikane ngano itakayostahimili kutu ya huku kwetu. Kabla ya hapo, mwaka wa 1908, alikuwa amehusika kuanzisha kampuni ya kusaga ya Unga, ambayo jina lake liko kwenye pakiti tunazonunua dukani hadi leo. Akajaribu hata kufuga mbuni ili auze manyoya ya kupambia kofia za mabibi wa Ulaya. Fasheni ikabadilika, nayo hiyo ikafa. Huko Rongai akalima mahindi.

Pesa zote zilitoka wapi? Aliweka mali yake ya Uingereza rehani, akakopa, akauza, akakopa tena. Faida ilianza kuonekana karibu na mwaka wa 1914. Na katika mwaka huo huo mkewe Florence akafariki. Msiba haupigi hodi.

Kwa hivyo wale waliosema ukumbini kwamba Delamere alitumia pesa zake, walisema kweli. Lakini walisema nusu ya kweli. Kondoo wake walifika Njoro kwa reli ya serikali. Plau zake zilifika kwa reli hiyo hiyo. Mahindi yake ya Rongai yangeoza shambani kama yangengojea kubebwa na wapagazi hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita mia sita. Na maabara yake ya ngano haikuishia kuwa ya mtu mmoja. Mwaka wa 1927 serikali ilifungua kituo chake cha kuzalisha mbegu huko Njoro. Kituo hicho kingali kinafanya kazi, na tangu 2005 ngano kutoka nchi nyingi duniani hupandwa hapo kila mwaka ili ipimwe kama itaiweza kutu. Tajiri alianza, umma ukaendeleza. Ujuzi ule ungekuwa wa shamba moja tu, ungekufa na mwenye shamba.

DELAMERE MWANASIASA

Laiti angebaki mkulima tu! Lakini Delamere alikuwa pia kiongozi wa walowezi. Mwaka wa 1907 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Hapo inaonekana jambo la kuchekesha kama halingekuwa la kuumiza. Walowezi waliopenda kujisifu kwamba wao ni watu wa kujitegemea, hawakuacha kuidai serikali kila kitu. Walitaka serikali iwape ardhi. Walitaka iwajengee reli za matawi. Mwaka wa 1908 wakiongozwa na Delamere waliandamana hadi nyumbani kwa gavana wakitaka serikali iwatafutie vibarua, na Delamere akasimamishwa barazani kwa muda.

Vibarua wangepatikanaje? Kwa kodi. Kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza, na mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Mwafrika asiye na pesa alilazimika kwenda kuitafuta pesa hiyo katika shamba la mlowezi. Sheria ya 1918 ikawataka maskwota wamfanyie mwenye shamba kazi kwa siku 180 kwa mwaka. Vita vilipokwisha, kikaja kipande cha kuvaliwa shingoni.

Mwaka wa 1921 serikali ya Kenya ilikopa pauni milioni 5 huko London kwa ajili ya reli na bandari. Kutoka hapa Nakuru ikajengwa njia mpya kupitia Rongai na Timboroa hadi Eldoret, ambako ilifika 1924, na mwishowe ikaendelea hadi Kampala mwaka wa 1931. Matawi mengine yakaelekea Solai na Thomson's Falls, yaani Nyahururu ya leo. Ukiichukua ramani ukazifuata njia hizo kwa kidole, utaona zinakwenda mashamba ya walowezi moja baada ya jingine. William McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Kazi za Umma nchini hadi 1922, aliandika kitabu mwaka wa 1927 akiilaumu serikali kwa upendeleo huo. Naye hakuwa mpinzani wa ujenzi, kwani ujenzi ndio uliokuwa kazi yake!

Tena kulikuwa na mambo ya nauli. Mwaka wa 1922 kamati ya serikali iliyoongozwa na Charles Bowring ilipendekeza mahindi ya kuuzwa ng'ambo yabebwe kwa nauli ya chini. Ikawa hivyo. Pengo likazibwa na nauli ya juu kwa bidhaa zilizotoka nje, zikiwemo nguo, mablanketi na majembe aliyonunua Mwafrika wa kawaida. Yaani mama aliyenunua blanketi sokoni alimsaidia Lodi kupeleka mahindi Ulaya, wala hakujua. Na mwaka wa 1925 serikali iliruhusiwa kuwalazimisha watu kwa nguvu kufanya kazi ya kujenga reli.

Hii ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba Delamere ni mfano wa mtu asiyehitaji serikali. Yeye ni mfano wa mtu aliyeihitaji kupita wote, akaipata.

UPANDE WA PILI WA RELI

Wapo watakaosema kwamba kama mambo ni hayo, basi afadhali reli isingejengwa. Ngoja kwanza. Twende nami upande wa pili wa Mau, kule Nyanza, mwisho wa reli ile ile.

Nyanza haikugawiwa walowezi kama Nakuru. Wenyeji walibaki katika sehemu kubwa ya ardhi yao. Kuanzia 1907 mkuu wa mkoa alikuwa John Ainsworth, ambaye alisisitiza barabara zitengenezwe hadi vijijini na mbegu zigawiwe. Matokeo yakawa nini? Simsim, njugu, mahindi na ngozi vilimiminika Kisumu kutoka kwa wakulima wadogo wadogo, vikapakiwa kwenye mabehewa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mazao ya Waafrika yalikuwa sehemu kubwa ya yale yaliyouzwa ng'ambo kutoka nchi hii. Wakulima hao hawakupewa ekari laki moja. Walikuwa na ardhi yao, mbegu, njia ya kufikia stesheni, basi. Baadaye kodi, kuandikishwa vitani na madai ya vibarua viliwapunguzia nguvu, lakini walikuwa wameshaonyesha yaliyowezekana.

Reli ni moja, serikali ni moja, miaka ni ile ile. Nakuru faida ilirundikana kwa wachache, Nyanza ilienea kwa wengi. Kilichotofautisha ni nani alimiliki ardhi ya kando yake.

KIFO CHAKE

Miaka ya mwisho ya Delamere haikuwa ya raha. Mwaka wa 1923 alikwenda London kuwatetea walowezi, lakini serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Mwaka wa 1928 alioa tena. Ndipo balaa likaanza: nzige walivamia, na mwaka wa 1929 uchumi wa dunia ukaanguka. Bei ya mahindi iliporomoka. Wale wale waliojisifu kwa kujitegemea wakakimbilia serikalini, na mwaka wa 1931 ikaanzishwa Benki ya Ardhi ya kuwakopesha wakulima Wazungu.

Tarehe 13 Novemba 1931 Delamere aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Soysambu, mahali panapoangalia ziwa Elmenteita. Mtu aliyezaliwa katika utajiri wa kupindukia aliacha madeni ya benki ya pauni 500,000. Sanamu yake ya shaba ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 1939 katika barabara iliyoitwa Delamere, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Uhuru ulipofika 1963 sanamu iling'olewa ikapelekwa Soysambu.

Katika miaka hiyo ya njaa ya kazi, mataifa mengi yaligeukia miradi ya umma. Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 1929 ya kutoa pesa za ujenzi katika makoloni, lengo moja kubwa likiwa kwamba vyuma na mitambo inunuliwe Uingereza ili vijana wao wapate kazi. Huko Marekani, Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani 1933 aliwaajiri mamilioni ya watu wasio na kazi kujenga barabara, shule na mabwawa, na kupanda miti. Walilipwa mshahara, wakanunua chakula na viatu, na wenye maduka nao wakapumua. Tofauti na vibarua wa 1925 wa hapa kwetu ni bayana. Mtu akilipwa, kazi ya umma hutia pesa mfukoni mwake. Akilazimishwa kwa fimbo, kazi hiyo hiyo humwacha maskini kuliko ilivyomkuta, hata shamba lake likaota magugu.

FUNZO KWETU

Ndugu msomaji, msimamo wangu ni kwamba serikali ijenge. Kampuni ya Mackinnon ilishindwa kujenga reli. Delamere mwenyewe, pamoja na mali yake yote, asingeweza kujenga hata kipande cha kutoka Naivasha hadi Njoro. Ziko kazi ambazo mfuko wa mtu mmoja hauzifikii, na faida yake huchukua miaka mingi kuonekana. Nakuru yetu, iliyotangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904 na kupandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, ni mtoto wa stesheni ya reli. Hilo nani atalikana?

Lakini tusidanganyike kwamba mradi ukishajengwa tu, uchumi wa kila mtu utainuka wenyewe kama unga wa maandazi. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa 2017, na mwaka wa 2019 ikafika Suswa, karibu na Naivasha, kwa mkopo mkubwa kutoka China. Vijana wa mitaani walipata vibarua vya Kazi kwa Vijana kuanzia 2009 na vya Kazi Mtaani mwaka wa 2020. Miradi mingine itakuja. Kila mradi ujapo, mwananchi aliyesoma maisha ya Delamere anapaswa kuuliza maswali manne. Ardhi ya kando yake inashikwa na nani, tena aliinunua lini? Mkopo utalipwa na nani? Nauli imepangwa kumfaa nani? Na anayeshika sururu analipwa vizuri na kwa wakati?

Majibu yakiwa mazuri, serikali ijenge, tena ijenge haraka. Yakiwa mabaya, tusiseme mradi usijengwe, tuseme majibu yabadilishwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Wamasai wa 1904 hawakupewa nafasi ya kuuliza hata swali moja kati ya hayo, nasi tunajua yaliyowapata. Sisi tunayo nafasi hiyo. Tusipoitumia, tutakaa kando ya reli yetu wenyewe tukihesabu mabehewa ya wenzetu yakipita.

Nafasi niliyopewa imekwisha. Kama una maoni tofauti, karibu chamani tuyajadili, na kalamu yako isikae kimya katika toleo lijalo. Kwaheri ya kuonana.